Kabla Hujalipia Jina la Mita

Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi, au ya Kariakoo, Dar es Salaam, si ajabu ukakuta multimita za mshale zilizoandikwa Sanwa, na hatua chache mbele nyingine zilizoandikwa Sunwa. Umbo linafanana, na namba za modeli za pande zote mbili zinaanza na YX na 360. Sanwa ni kampuni ya Japani ambayo mita zake za mshale zimelea vizazi vya mafundi. Sunwa haina undugu nayo. Herufi moja imebadilishwa, basi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye vifaa vya kupimia umeme kibaya hakijitembezi. Huazima jina la chema kikakaa nacho rafu moja. Ndiyo maana swali la "chapa gani nzuri?", ambalo kijana aliyemaliza VETA huliuliza kwanza, naliona halitoshi. Sifa haikai kwenye chapa nzima. Inakaa kwenye modeli fulani, ya kipindi fulani, iliyotengenezewa soko fulani, kwa kazi fulani. Ukijua kuuliza hivyo utaokoa pesa, na pengine mkono wako.

Ukoo wa majina

Anza kwa kujua nani ni nani. Hewlett-Packard ilianzishwa mwaka 1939 huko Palo Alto, California, kwa ajili ya vifaa vya kupimia, miaka mingi kabla watu hawajaijua kwa kompyuta na printa. Mwaka 1999 upande wa vipimo ulitengwa ukaitwa Agilent, na mwaka 2014 ukatengwa tena ukaitwa Keysight. Kwa hiyo multimita ya mezani 34401A utaikuta na nembo tatu tofauti, na zote tatu ni halali. Muuzaji anayekwambia kuwa yenye nembo ya Agilent ni feki ya HP hajui ukoo wa bidhaa anayoiuza.

Tektronix ya Oregon, iliyoanza mwaka 1946 na kujijengea jina kwa osiloskopu, ilinunuliwa mwaka 2007 na Danaher, kundi ambalo tayari lilikuwa limeinunua Fluke mwaka 1998 na baadaye likaichukua Keithley mwaka 2010. Majina uliyodhani ni mahasimu yalikuwa yanakula sahani moja. Rohde & Schwarz ya Munich, iliyoanza mwaka 1933, imebaki mikononi mwa wenyewe.

Kuna pia ukoo usioandikwa kwenye kasha. Osiloskopu za Agilent za mfululizo wa DSO3000 zilitengenezwa na Rigol ya Beijing. WaveAce za LeCroy zilitengenezwa na Siglent ya Shenzhen. Brymen ya Taiwani imetengeneza multimita nyingi zinazouzwa kwa majina ya watu wengine. Kwa hiyo anayesema "mimi sitaki kitu cha Mchina" huenda amekwisha kukinunua, tena kwa bei ya Mmarekani. China ndiyo inayotoa multimita ya DT830 ya bei ya chakula cha mchana, na ndiyo inayotoa osiloskopu ambayo kampuni kubwa ya Marekani haikuona haya kuibandika jina lake. Nchi ya kutengenezwa haikwambii lolote la maana kuhusu ubora. Acha kuiuliza.

Hata ndani ya nyumba moja watoto hawalingani. Fluke 87V na Fluke 17B+ zote ni za njano na zote ni halali. Ya kwanza inapima volti za DC kwa kosa lisilozidi asilimia 0.05 na tarakimu moja, na inasoma RMS halisi. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya masoko ya Asia, kosa lake linaruhusiwa kufika asilimia 0.5 na tarakimu 3, na haisomi RMS halisi. Ni mita nzuri kwa bei yake, lakini aliyesikia sifa za 87V akanunua 17B+ amenunua sifa za mtu mwingine. UNI-T nayo ina mfano ulio wazi zaidi. Modeli yake ya UT61E iliyouzwa Ujerumani ikiwa na alama ya usalama ya GS ilifungwa fyuzi kubwa za kauri pamoja na varista za kumeza miruko ya volti, ilhali toleo lililouzwa kwingine lilikuja na fyuzi ndogo na nafasi tupu mahali pa varista. Jina lile lile, namba ile ile, uso ule ule. Usalama tofauti kabisa.

Kwanza ikulinde

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vipima umeme ni IEC 61010. Kutokana nacho unakuta kwenye mita maandishi CAT na namba ya Kirumi. CAT II ni kwa vitu vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa bodi ya usambazaji, breka na mota za fezi tatu. CAT IV ni kwa mahali umeme unapoingilia jengo: waya unaotoka nguzoni, mita ya LUKU, meni swichi ya kwanza. Kadiri unavyosogea kuelekea transfoma ndivyo umeme unavyokuwa na nguvu zaidi nyuma yake kosa likitokea.

Mafundi wengi husoma volti na kuiacha CAT. Hilo ni hatari. Mita ya CAT II 1000 V na mita ya CAT III 600 V zote hujaribiwa kwa mruko wa volti 6000, lakini ya CAT II hupigwa kupitia ukinzani wa omu 12, na ya CAT III kupitia omu 2. Gawanya mwenyewe: ya kwanza inakabili hadi ampea 500, ya pili ampea 3000. Kwa hiyo ile yenye namba ndogo ya volti imevumilia mkondo mara sita ya mwenzake. Na miruko hiyo si hadithi za vitabuni. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani, na radi ikipiga laini ya mbali, wewe uliyeshika waya za mita kwenye bodi ya kiwanda kule Mwanza au Kisumu hutapewa taarifa.

Tatizo ni kwamba kuchapisha "CAT III 1000 V" kwenye plastiki hakugharimu kitu. Tafuta ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni fyuzi. Fluke 87V ina fyuzi mbili, ya miliampea 440 na ya ampea 11, zote za volti 1000, nene, zilizojazwa mchanga. Mchanga ule ndio unaozima cheche fyuzi inapokatika. Sasa fungua mita ya bei rahisi: utakuta kibomba cha kioo cha milimita 20, kimeandikwa 250 V. Fyuzi ya kioo ya ampea 10 ya aina hiyo imeahidiwa kukata mkondo wa takriban ampea 100 na si zaidi. Bodi ya fezi tatu ya volti 400 inaweza kumwaga maelfu. Fundi akisahau waya kwenye tundu la ampea kisha akagusa fezi mbili, kioo kinapasuka, cheche inaendelea kuwaka ndani ya mita, na mita iko kiganjani mwake. DT830 nyingi hazina hata hicho kioo kwenye tundu la ampea 10. Limeandikwa waziwazi *unfused*, yaani halina fyuzi. Angalau hapo hawakudanganya.

Ushahidi wa pili ni alama ya maabara huru. CE peke yake ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti. Kwa vifaa vya aina hii halazimiki kumpelekea mtu mwingine avijaribu. UL, CSA, TÜV na Intertek ni wajaribu wa nje, na vyeti vyao vina namba ambazo unaweza kuzitafuta kwenye orodha zao. Chapa inayochapisha alama ya UL lakini haimo kwenye orodha ya UL imekwambia yote unayohitaji kujua kuhusu tabia yake.

Usisahau waya za kupimia. Nazo zina CAT yake, na mfumo mzima una nguvu ya kiungo chake kilicho dhaifu. Ukiweka waya zisizo na maandishi yoyote kwenye mita ya CAT IV, mita yako imeshuka daraja.

Halafu iseme kweli

Usahihi huandikwa kwa sehemu mbili: asilimia ya namba unayoisoma, na idadi ya tarakimu za mwisho. Mita ya ±(1.0% + 3) ikionyesha 230.0 V, asilimia moja ni volti 2.3 na tarakimu tatu ni volti 0.3, jumla 2.6. Umeme wenyewe uko mahali fulani kati ya 227.4 na 232.6. Ukikuta tangazo linasema tu "usahihi 1%" bila tarakimu, bila masafa ya hezi, bila joto, mtengenezaji hajaahidi kitu.

Joto lina maana yake kwetu. Ahadi nyingi za usahihi zinahesabika kati ya nyuzi 18 na 28 za Selsiasi. Nje ya hapo kijitabu kizuri hukupa nyongeza, mara nyingi sehemu ya kumi ya usahihi uliotajwa kwa kila nyuzi moja. Kwenye karakana ya mabati Tanga yenye nyuzi 33, umevuka kwa tano. Kosa linaloruhusiwa limekua kwa nusu. Chapa inayokueleza hilo inakuheshimu. Isiyoeleza inategemea hutauliza.

Lakini kosa kubwa kuliko yote kwa fundi wa sola si la asilimia moja. Ni la umbo la wimbi. Mita za kawaida hupima wastani wa wimbi kisha huuzidisha kwa 1.11, zikidhani kwamba wimbi ni laini kama la umeme wa gridi. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini; zinatoa ngazi. Chukua inveta inayopanda hadi volti 325, inakaa juu nusu ya muda na kwenye sifuri nusu nyingine. Thamani yake halisi, yaani RMS, ni volti 230, sawasawa na inavyotakiwa. Mita ya wastani itaonyesha takriban 180. Fundi anahitimisha kuwa inveta imechoka, anaipandisha, na televisheni ya mteja inaungua. Mita haikuharibika, haikutengenezwa kwa swali lile. Kama mkate wako ni sola, maandishi *True RMS*, yaani RMS halisi, yatangulie nembo yoyote kwenye orodha yako.

Kwa osiloskopu nitasema machache. Namba ya megahezi iliyo usoni ni pale wimbi linapokuwa limeshuka hadi asilimia 70 hivi ya kimo chake cha kweli, kwa hiyo ukitaka kimo sahihi nunua yenye upana mara tano ya wimbi unalolipima. Na uliza kama kasi ya kuchukua sampuli inagawanywa. Rigol DS1054Z, iliyotikisa soko katikati ya miaka ya 2010 kwa kuwapa mafundi wa kawaida chaneli nne kwa takriban dola 400, huchukua sampuli bilioni moja kwa sekunde ukitumia chaneli moja. Ukiwasha zote nne kila moja inabaki na milioni 250. Rigol wameliandika hilo kwenye vipimo vyao, na kwa kazi nyingi za karakana linatosha kabisa.

Nani atasimama nayo

Mwaka 2012 Fluke ilitangaza kuzirudisha kiwandani klampu mita za modeli 373, 374, 375 na 376, kwa kuwa bodi ya ndani ingeweza kutofungwa vizuri kwenye tundu la waya, na mita ikaonyesha hakuna umeme mahali ambapo umeme upo. Hakuna kosa baya kuliko hilo kwenye kipima umeme. Hata hivyo, tukio hilo linanifanya niiamini zaidi kampuni hiyo: ilitaja modeli, ikaeleza hatari, ikawaita wateja. Chapa ambayo hujawahi kusikia imerudisha kitu inaweza kuwa haina makosa, au haina mtu wa kukupigia. Tafuta rekodi za namna hiyo kabla hujanunua. Kukosea ni kwa wote.

Waranti isome pia kwa jicho hilo. Mita zilizotengenezewa soko la China au India mara nyingi zina waranti ya huko huko. Ukiinunua kwa mtu aliyeibeba kwenye begi kutoka Guangzhou au Dubai, waranti yake kwa kweli ni uso wa yule aliyekuuzia. Muulize wakala wa hapa nchini, kwa maandishi, kama anaihudumia namba hiyo ya modeli.

Kisha kuna ugezi, yaani uhakiki wa usahihi wa mita. Kampuni yako ikiwa inafanya kazi za viwanda, migodi au hospitali, ipo siku utaombwa cheti. Tanzania utakwenda maabara ya ugezi ya shirika la viwango, TBS, Kenya KEBS, Uganda UNBS, au maabara binafsi iliyo na ithibati ya ISO/IEC 17025. Omba cheti kinachoonyesha namba zilizopatikana kabla ya kurekebishwa na baada yake, si muhuri peke yake. Baada ya vyeti viwili au vitatu vya mita moja utajua kama inatulia au inahama mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo sifa ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuibuni.

Kwenye vifaa vya mtumba, vya zamani vya majina makubwa bado ni mali. Multimita ya 34401A ilitoka na kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, na rejea yake ya volti, LM399, inasifika kwa kutulia. Lakini jina lisikufumbe macho. Osiloskopu za Tektronix za mfululizo wa TDS 500 na 700 zina ugonjwa unaojulikana: kapasita zake huvuja na kula njia za bodi. Iwashe mbele ya muuzaji, iache ipate moto, endesha jaribio lake la ndani, gusa kila kitufe.

Sifa za mdomo

Fundi mwenzako akikwambia "hii ninayo miaka kumi, haijawahi kunisumbua", mshukuru, kisha muulize anapima nini. Akiwa anatengeneza redio mezani kwa volti 12, ushahidi wake ni mzuri kwa volti 12. Mita kudumu ni jambo moja. Mita kukulinda siku moja mbaya ni jambo lingine, na siku hiyo huenda haijamfikia. Ushuhuda ninaouthamini zaidi ni wa mtu aliyeifungua. Video za namna hiyo ni nyingi. Angalia kama bodi imekatwa mifereji kutenganisha njia za volti kubwa, kama varista zipo au nafasi zake ni tupu, kama tundu za waya zimeshikwa imara au zimelehemiwa tu. Angalia pia kama mwenye video amepewa mita hiyo bure.

Rangi nayo inauza. Huko Marekani mchanganyiko wa uso mweusi na fremu ya njano ni alama ya biashara ya Fluke, na mwaka 2014 forodha ya huko ilizuia shehena ya mita 2000 za kampuni ya SparkFun kwa sababu zilifanana mno na rangi hizo. Kwetu usitegemee hilo likulinde. Fluke feki zipo, na nyingine zina kasha safi. Linganisha namba ya mfululizo iliyo mgongoni na ya kwenye kasha, soma Kiingereza cha kijitabu kama kina makosa, na bei ikiwa nusu ya ile ya wakala, ujue sababu ipo.

Dukani penyewe fanya haya kabla hujalipa. Gusisha ncha mbili za waya kwenye omu. Isome chini ya 0.5 na itulie. Weka kwenye mlio. Ulie papo hapo, usisitesite. Zungusha swichi taratibu uone kama kuna mahali inapoteza namba. Pima betri mpya kwa mita hiyo, kisha kwa nyingine unayoiamini. Omba bisibisi, ufungue mfuniko wa betri na wa fyuzi. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka linalofuata.

Kama pesa ni kidogo, huu ndio mpangilio ninaoutetea: mita ya kwanza ya bei iwe ya CAT III 600 V au zaidi, yenye fyuzi za kauri na cheti cha mjaribu wa nje, hata kama jina lake halijulikani mtaani kwenu. Osiloskopu na mita ya mezani vitasubiri. Ile ya bei ya chakula cha mchana ibaki mezani kwa betri na saketi ndogo, na usimwazime mwanafunzi wako anapokwenda kwenye bodi ya jengo. Na leo, kabla hujarudi kazini, fungua mgongo wa mita uliyonayo utazame fyuzi. Ukikuta kioo, mita hiyo isiguse tena bodi ya fezi tatu.